Punguzo la Ngazi

Kliniki ya presha ilipandishwa ghorofani kwa wiki mbili tu. Ndivyo tulivyoambiwa: bomba la chini limepasuka, sakafu imevimba, vumilieni wiki mbili. Huu ni mwezi wa kumi na nne. Bomba lilishazibwa, chumba cha chini kimegeuzwa stoo, na sisi bado tuko juu, ngazi thelathini na nane kutoka mlangoni. Mtu mwenye moyo uliochoka anapandishwa ngazi thelathini na nane ili akaulizwe kama moyo wake umechoka. Kuna mzee mmoja mcheshi ambaye kila akifika juu huniambia, "Sista, andika nimepona. Mgonjwa asingefika huku."

Mimi ndiye nesi wa meza ya vipimo. Meza moja, mashine moja, na mkanda mmoja ambao haunasi vizuri tena, kwa hiyo ukijaa upepo naushikilia kwa kidole gumba usifunguke. Jumanne ndiyo siku ya presha. Wanakuja watu themanini, wakati mwingine tisini. Huku juu hakuna pa kuwakalisha, maana korido ni ya wodi ya akina mama na muuguzi mkuu wa pale hataki kuona hata kisigino cha mtu wa kliniki kikimvukia mstari. Basi watu wanasubiri chini, mlinzi anaita namba, na mwenye namba anapanda. Anayechelewa anarukwa. Kwa hiyo wanapanda mbio, wenye magoti mabovu, wenye matumbo, wenye miaka sabini, na wananifikia wakihema, jasho linawatoka, mkono tayari umenyooshwa mezani.

Sasa kila nesi anajua presha inavyopimwa. Mtu anakaa dakika tano, kimya, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono usawa wa moyo. Nilifundishwa hivyo nikiwa msichana, na bango lenyewe liko ukutani nyuma ya kichwa changu. Wiki ya kwanza tulipohamia juu nililifuata bango. Nilichukua watu kumi, nikawapima wanapofika, nikawapumzisha, nikawapima tena. Namba ya juu ilishuka kwa ishirini hivi. Huyu kumi na nane, yule ishirini na mbili, lakini wastani ulikuwa huo. Siku hiyo nilimaliza kliniki saa moja jioni, na watu kumi na wanne walirudi nyumbani bila kupimwa, mmoja akinitukana mpaka getini.

Jumanne iliyofuata sikumpumzisha mtu. Nilipima, nikatoa ishirini, nikaandika. Mashine ikisema mia sabini, naandika mia hamsini. Moyoni nililiita punguzo la ngazi, nikacheka peke yangu. Sikuona kama ni uongo. Kwangu ilikuwa hesabu tu, tena hesabu ya huruma, maana ningeandika zile namba za kuhema watu wangepewa dawa ambazo hawazihitaji. Na mazoea yana taabu. Baada ya miezi miwili sikuwa natoa ishirini kwa kufikiri, mkono ulikuwa unatoa wenyewe.

Kaka yangu alikuja kliniki mwezi wa nne tangu tuhamie juu. Yeye ni wa kwanza kwetu na mimi ni kitindamimba, kati yetu kuna miaka kumi na sita. Wazazi walipoondoka ni yeye aliyebaki kuwa wazazi. Fomu zangu zote za shule, pale penye neno "mzazi", zina saini yake. Kazi yake ni kuchonga funguo. Ana kibanda chembamba karibu na kituo cha mafuta, anakaa humo kutwa kwenye stuli, na mtaani wanamwita Fundi Funguo hata watu wasiojua kwamba ana jina. Miaka thelathini na tano ya kukaa ilimnenepesha kiasi kwamba alikuwa akiingia kibandani kwa ubavu.

Siku ile ya kwanza alifika juu akiwa hoi. Alinionyesha kwa mkono nisubiri, akashika meza, akahema kama aliyekimbizwa na nyuki. Mashine ilisema mia tisini na nne. Nikaandika mia sabini na nne. Hata hivyo ilikuwa kubwa, na daktari wetu, kijana mwenye bidii ambaye bado anaamini ripoti zake zinasomwa, alimwanzishia dawa aina mbili akamwambia atembee. Kila siku, dakika arobaini, mwendo wa mtu anayewahi miadi.

Kaka yangu si mtu wa kuambiwa kitu mara mbili. Kesho yake alfajiri alitoka, akatembea mpaka sokoni, akarudi, akalala chali sebuleni, wifi yangu akanipigia simu akilia kwamba nimemuua mumewe. Baada ya wiki mbili halali tena chali. Baada ya mwezi akawa anavuka soko na kuendelea mbele. "Bandu bandu huisha gogo," akaniambia, akijipiga tumbo. Na kweli gogo lilikuwa linaisha, maana suruali zilianza kumvuka.

Alikuwa akija kila mwezi, na kila mwezi alikuwa akiinama juu ya daftari langu kuangalia kalamu inaandika nini. Mia sitini na nane. Mia hamsini na sita. Mia arobaini na nne. Siku nilipoandika mia thelathini na mbili alisimama hapo hapo akapiga kofi moja la furaha, hata muuguzi mkuu wa akina mama akachungulia. Daktari naye alifurahi, akamwondolea dawa moja kati ya zile mbili.

Nataka niseme jambo hapa, kwa sababu nimejifanya silijui kwa muda mrefu. Siku hiyo ya mia thelathini na mbili kaka yangu alipanda ngazi zote huku akiimba. Nilimsikia tangu chini. Alifika mezani hahemi, paji la uso kavu, akaanza kunitania kuhusu viatu vyangu. Ngazi hazikuwa zinamfanya kitu tena. Mashine ilisema mia hamsini na mbili, na hiyo mia hamsini na mbili ilikuwa yake halali, haikuwa ya ngazi hata chembe. Niliona. Macho yangu yaliona kabisa kwamba mtu huyu hahemi. Nyuma yake mlinzi alikuwa ameshaita namba inayofuata, na mkono wangu ukaandika ulichozoea kuandika.

Kuanzia hapo akawa mtu wa mfano. Daktari alimwita Jumanne mbili azungumze na wagonjwa kule chini, na alizungumza vizuri, akiwaonyesha mkanda wa suruali wenye matundu mapya aliyotoboa kwa msumari. "Dawa ni nzuri," aliwaambia, "lakini hata mimi najipunguzia presha kidogo kidogo. Mwulizeni mdogo wangu kule juu, yeye ndiye anaandika." Watu walikuwa wakija mezani wakiniangalia kama mimi ndiye niliyemwumba.

Jumapili moja nilikwenda kwao. Wifi alikuwa jikoni anaosha masufuria, akaniambia bila kugeuka, "Wifi, kaka yako siku hizi anaamka na kichwa kinamgonga."

"Ni jua la barabarani," nikasema.

"Alfajiri kuna jua gani?"

Akageuka akaniangalia, mikono yake ina povu mpaka kwenye viwiko. "Lakini wewe ndiye unayempima," akasema. "Ukiona kitu utaniambia." Akarudi kwenye sufuria lake, ameridhika. Nilishindwa kumaliza chai yangu siku ile. Nilijiambia Jumanne ijayo nitampumzisha na kumpima sawasawa. Jumanne ikaja na watu themanini na saba.

Halafu tukaletewa mashine za kuvaa. Mbili, ndogo kama redio ya mfukoni, zenye mkanda wa mkononi. Mtu anaivaa siku nzima na usiku kucha, nayo inamminya mkono kila nusu saa na kuandika yenyewe, akiwa kazini, akiwa anakula, akiwa usingizini. Daktari alizishika kama mtu aliyepewa mtoto. Alitaka kuandika ripoti kuonyesha mazoezi yamefanya nini kwa wagonjwa wetu, na wa kwanza kumchagua, wala sikuhitaji kuuliza, alikuwa Fundi Funguo.

Nilimvalisha mwenyewe Jumatatu asubuhi. "Hii haina ngazi wala foleni," daktari akamwambia, "hii inakufuata mpaka kitandani." Kaka akacheka, akasema kitandani tayari ana mtu wa kumkumbusha mambo kila nusu saa, hata huo mkanda hautamsumbua. Mimi nilikuwa nabana mkanda, nimeinama. Nilijua kinachokuja. Nasema kweli, nilitamani betri ziishe.

Jumanne alirudi mapema kabla ya foleni kuanza, amevaa shati lililofuliwa na kupigwa pasi, maana alidhani atapigwa picha ya ripoti. Daktari akachomeka kimashine kwenye kompyuta. Tulikuwa watatu chumbani, kaka kitini, mimi mlangoni na daftari langu kifuani. Nilitazama uso wa daktari ukibadilika.

"Hii ajabu," akasema. "Mchana wastani mia hamsini na nane kwa tisini na saba. Usiku mia hamsini. Usiku ilitakiwa ishuke, na haijashuka kitu." Akasogeza mkono, akanyoosha kidole kwenye skrini. "Sista, mwezi uliopita uliandika ngapi?"

"Mia thelathini na nne."

"Basi mashine hii ni mbovu." Alisema kwa masikitiko kabisa. "Kwa kawaida watu hupanda presha wakituona sisi, wanashuka wakiwa kwao. Huyu awe mzuri hapa na mbaya nyumbani? Nitairudisha, watuletee nyingine."

"Mashine ni kitu cha kuharibika," kaka akasema kwa upole, akimfariji. "Hata ya kuchongea funguo, ikihama kidogo tu, unatoa ufunguo haufungui mlango wowote duniani. Usijali, daktari. Tuendelee na ile habari yetu."

"Habari gani?" nikauliza.

"Nimemwomba aniondolee na hii dawa iliyobaki. Nijaribu mwezi mmoja kwa kutembea tu." Alinitabasamia. "Nilitaka usikie baadaye, iwe zawadi."

Daktari alikuwa ameshashika kalamu. "Kwa namba za daftari, na kilo tisa alizopunguza, tunaweza kujaribu. Nani anajua presha ya mtu huyu kuliko Sista? Mimi namwamini Sista kuliko kidude kilichokuja na boksi juzi."

Kama angenishuku kidogo, ningejitetea. Ningesema watu themanini, ningesema meza moja, ningeonyesha kidole gumba chenye sugu. Lakini aliniamini, na kaka aliniamini, wote wawili wananiangalia kwa nyuso za watu wasio na wasiwasi. Nilifikiri njia ya panya. Ningeweza kumvuta kaka pembeni, nimwambie aendelee na dawa bila kumwuliza daktari. Ningeweza kumpima leo sawasawa, nikashtuka, nikasema loo, imepanda ghafla. Watu wangeamini. Halafu nikaona ile kalamu ya daktari imegusa kadi ya kaka.

"Mashine haina kosa," nikasema. "Kosa ni langu."

Kalamu ikasimama. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia katikati, nikarudi kwenye bomba, nikarukia watu kumi wa wiki ya kwanza. Daktari alinisikiliza kwa mdomo wazi kidogo.

"Unatoa ishirini," akasema. "Kwa nani?"

"Kwa wanaopanda ngazi."

"Wote wanapanda ngazi, Sista."

"Ndiyo."

"Miezi kumi na nne?"

Daktari alikaa chini, akashika kichwa, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba hata yeye ana macho mekundu, kwamba hata yeye halali. Hakunifokea. Heri angenifokea.

Kaka yangu hakuwa ameelewa, au alikuwa ameelewa na anajipa muda. Aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia ugenini. "Siku ile ya mia thelathini na mbili. Mashine ilisema ngapi?"

"Mia hamsini na mbili, kaka."

"Na wewe uliiona."

"Niliiona."

Akatikisa kichwa. Kisha akamgeukia daktari. "Kwa hiyo kutembea kwangu kote kulikuwa kazi bure."

"Hapana, hapana." Daktari akavuta daftari langu, akaanza kuongeza ishirini kwa penseli pembeni ya kila namba. "Tazama, mzee. Hata tukirudisha zile ishirini, ulishuka mwezi hadi mwezi. Dawa zilishusha na miguu ilishusha. Halafu mimi nikakuondolea dawa moja mapema, na bado hukurudi kule ulikotoka, ni hiyo miguu inayokushikilia. Wewe umefanya kazi yako. Sisi ndio hatukufanya yetu. Leo tunarudisha dawa ya pili, na unaendelea kutembea, na moyo wako utanishukuru." Alijaribu kucheka. Hakuna aliyemsaidia.

Akaandika dawa. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba wagonjwa wote wa daftari lile wataitwa upya, kuanzia walioondolewa au kupunguziwa dawa, na kwamba itabidi aandike barua kwa mganga mkuu na mimi nitaisoma kabla haijaenda. Nikasema sawa. Kaka akachukua kadi yake, akaikunja mara mbili, akainuka, akatoka bila kuaga. Mtu ambaye huaga hata paka.

Nilimfuata. Nilimkuta kwenye ngazi, pale zinapokata kona, amesimama ameshika ukuta kwa kiganja. Nikashtuka, nikamshika bega.

"Usinishike," akasema. "Siumwi. Nimesimama tu."

Nikaondoa mkono. Kule chini watu walikuwa wameanza kufika, nikisikia mlinzi akigawa namba na kugombana na mtu kuhusu nani alitangulia.

"Siku ile nilirudi nyumbani nikamwambia wifi yako, sasa nitazeeka na wewe," akasema kaka yangu akiutazama ukuta. "Alilia mjinga yule. Sasa nikamwambie nini?"

"Nitakwenda mimi kumwambia."

"Utakwenda. Hilo utakwenda."

"Nisamehe, kaka. Sikutaka kukudanganya. Nilichoka tu. Watu themanini, meza ni moja, wanapanda wanahema, mlinzi anaita, hakuna anayejali kama napima au napiga ramli. Nilichoka."

Alinigeukia. Uso wake umekonda siku hizi, na kwa mara ya kwanza tangu akonde nilimwona ni mzee.

"Ulichoka," akasema.

"Nilichoka."

"Barabara yangu ina nguzo za umeme sitini na moja. Nazipita zote kwenda, nazipita kurudi. Siku ya kwanza niliishia ya tisa, pale sokoni, nikatapika. Nimetembea na mvua, na magoti haya, mbwa wa watu wananifukuza, wapita njia wananicheka kwamba Fundi Funguo amerukwa na akili. Kila siku nikifika ya arobaini mwili unaniambia geuka, hakuna anayekuona. Na kweli hakuna aliyekuwa ananiona. Giza, niko peke yangu. Nilikuwa nachoka, mdogo wangu. Kila siku ya Mungu nilikuwa nachoka. Sijawahi kuruka hata nguzo moja."

Akateremka, mkono ukutani, polepole, akiwapisha waliokuwa wanapanda. Mlinzi alishaita namba moja, na mama mmoja mnene alikuwa ananijia mbio, anahema, mkono ameshaunyoosha.